Horace Mann: katibu wa elimu aliyepewa kalamu tu (uzi mrefu)

MKONGWE WA KATA (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Nimestaafu mwezi wa sita nikiwa afisa elimu kata. Kabla ya hapo nilishika chaki miaka mingi na nikawa mwalimu mkuu wa shule mbili. Kazi ya kata wanaoijua wanaijua. Unazunguka na pikipiki shule hadi shule, unahesabu matundu ya vyoo, madawati, walimu waliopo na watoto wasiofika, unaandika taarifa, unapeleka juu. Huajiri, hufukuzi, huna fungu la kujenga hata msingi wa choo. Kuna darasa moja lenye ufa niliandika habari zake miaka mitatu mfululizo, maneno yaleyale, nabadilisha tarehe. Kuna usiku nililala nikijiuliza kama yupo mtu anayezisoma karatasi zile.

Ndiyo maana habari za huyu Mmarekani zimenishika. Mwaka 1837 jimbo la Massachusetts liliunda Bodi ya Elimu, likamwajiri Horace Mann kuwa katibu wake. Sheria ilimpa kazi ya kukusanya habari za shule zote za jimbo na kuzisambaza kwa wananchi. Basi. Hakuweza kumwamuru mwalimu hata mmoja, hakuweza kufunga shule, hakuweza kutoza kodi. Alikaa karibu miaka 12, akaandika ripoti 12, na shule alizoziacha hazikuwa zile alizozikuta. Nataka tuangalie alifanyaje. Nitaleta kwa vipande, nivumilieni, naandikia kwenye simu.

BI CHAKI

Shikamoo mwalimu. Nimeshakaa mkao wa kusoma. Mimi nipo darasa la pili, watoto 94, nikipumzika sauti nitakuja kuchangia.

MKONGWE WA KATA

Marahaba mwanangu. 94 peke yako, Mungu akutie nguvu.

Naanza na alikotoka, maana hapo ndipo moto wake ulipowashwa. Alizaliwa tarehe 4 Mei 1796 kwenye mji mdogo wa Franklin, familia ya wakulima wasio na kitu. Watoto wa pale walisuka mabua makavu kwa ajili ya watengeneza kofia, naye alikuwa mmojawapo. Ukubwani alisema hakumbuki ni lini alianza kufanya kazi. Shule aliipata wiki nane hadi kumi kwa mwaka, mpaka akafika miaka 15. Baba yake alifariki 1809 kwa kifua kikuu. Mwaka uliofuata kaka yake alikufa maji siku ya Jumapili, na mchungaji wa pale, Mkalvini wa msimamo mkali, akatumia msiba kuwahubiria vijana juu ya wanaokufa kabla ya kuokoka. Mama mtu amekaa pale analia. Mann hakulisahau jambo lile, na dini ya namna ile akaachana nayo moyoni.

Kilichomlea akili ni maktaba. Mji ulijiita Franklin kwa heshima ya Benjamin Franklin, wakamwomba awapelekee kengele ya kanisa. Yeye akawapelekea vitabu. Mtoto aliyesoma wiki kumi kwa mwaka alizimaliza zile rafu.

Mbele napita haraka. Mwalimu mmoja wa kupita alimfundisha Kilatini na Kigiriki kwa miezi sita, akaingia Chuo cha Brown mwaka wa pili moja kwa moja, akamaliza 1819 akiwa wa kwanza. Akasomea sheria, akawa wakili, akaingia bunge la jimbo 1827. Huko ndiko alikojifunza silaha yake. Wakati ule wagonjwa wa akili walifungwa magerezani na kwenye vibanda vya nyuma ya nyumba. Mann hakuanza na hotuba. Kamati yake iliiandikia miji na kuuliza: mna wagonjwa wangapi, wamewekwa wapi, wana hali gani? Majibu yaliporudi yakiwa na tarakimu, hakuna mbunge aliyeweza kusema hajui. Hospitali ya Worcester ikafunguliwa 1833.

Shikeni hapo kwenye kuuliza na kuhesabu. Tutaparudia.

KIJANA WA HALMASHAURI

Mkuu, swali. Alikuwa mbunge na wakili, kwa nini akaenda kuwa katibu wa bodi isiyo na meno? Huku kwetu mtu anatoka ukatibu anaenda ubunge.

MKONGWE WA KATA

Swali zuri, na watu wake wa karibu walimuuliza hivyohivyo. Alikuwa zaidi ya mbunge: alikuwa Rais wa Seneti ya jimbo, na sheria ya kuunda ile Bodi aliitia saini yeye mwenyewe kwa wadhifa huo. Mtu aliyeiandika na kuipigania sheria ile ni James Carter, na wengi walidhani ukatibu ni wake. Lakini mfanyabiashara mmoja tajiri, Edmund Dwight, alikuwa kwenye Bodi na alimtaka Mann, kwa sababu Mann alijua kuzungumza na wabunge na matajiri.

Naye alikuwa na jeraha. Mke wake wa kwanza, Charlotte, alifariki 1832 baada ya miaka miwili tu ya ndoa. Miaka mitano iliyofuata alikuwa mtu wa kufanya kazi mchana kutwa na kulia usiku. Alipokubali ukatibu, aliwaandikia marafiki kwamba ameacha kuwatetea wateja wa sasa, na kwamba mteja wake mpya ni kizazi kijacho. Mshahara ulipopangwa dola 1,500 kwa mwaka, na humohumo alipe safari zake, alikasirika, kisha akaandika kwenye shajara yake kwamba atalipiza kisasi kwa kuwafanyia mema yenye thamani kubwa kuliko hizo 1,500.

Nimeisoma sentensi ile nikaiweka simu chini nikatoka nje kidogo.

MSOMAJI WA MAKAMBAKO

Naifuatilia. Endelea mzee wangu.

MKONGWE WA KATA

Sasa hali aliyoikuta. Massachusetts ilikuwa na sheria ya shule tangu enzi za ukoloni, karne ya 17. Kwenye karatasi kila mji una shule. Chini kwenye ardhi, mji ulikuwa umegawanywa vitongoji, kila kitongoji na kibanda chake, na mtu wake mmoja anayeajiri mwalimu wa bei ndogo kuliko wote. Msimu wa baridi huja kijana wa kiume aliyeko likizo ya chuo, kiangazi huja binti. Miezi michache, kisha kufuli. Wenye uwezo walipeleka watoto shule za kulipia, na kwa sababu watoto wao hawakuwa kwenye kile kibanda, hawakuona sababu ya kukipigia kura ya fedha.

Kibanda chenyewe: kimejengwa kwenye kipande cha ardhi kisichofaa kwa kitu kingine, mara nyingi kando ya barabara. Benchi halina egemeo, na ni refu kiasi kwamba miguu ya mtoto haigusi sakafu. Anayekaa karibu na jiko la moto anaungua, anayekaa dirishani anaganda. Choo hakuna. Mann aliandika taarifa nzima, 1838, juu ya majengo peke yake: hewa inaingiaje, mwanga unatoka upande gani, benchi liwe na urefu gani kwa mtoto wa umri gani. Kuna watu walimwona mdogo kwa kuandika habari za mabenchi. Mimi niliyepima madawati kwa futi nimemwelewa.

Alianza kwa ziara, kaunti hadi kaunti, hadi visiwa vya Nantucket na Martha's Vineyard. Anatangaza mkutano, anahutubia, anauliza maswali. Kuna mahali ukumbi ulijaa, kuna mahali walikuja watu wachache akarudi nyumba ya wageni akaandika kwa uchungu. Inasimuliwa kwamba huko Pittsfield, miaka ya baadaye, alifika yeye na Gavana Briggs kufungua semina ya walimu, wakakuta chumba hakijafagiliwa. Wakatafuta mafagio wakafagia wenyewe, katibu na gavana, walimu walipoingia wakakuta pako safi.

BI CHAKI

Hapo kwa ufagio nimesimama. Mwaka jana tulitembelewa na ujumbe mkubwa (sitasema wa wapi), watoto walifagia tangu saa kumi na mbili asubuhi, wageni wakafika saa nane, wakakaa dakika ishirini.

MWALIMU WA VOI

Hapa kwetu Kenya ni hayohayo, dada.

Mwalimu mkongwe, nina swali la kikazi. Mimi nimekuwa upande wa uhakiki wa ubora wa shule. Ripoti tunaandika, na nzuri. Zinaingia kwenye faili. Za kwake zilitofautiana nini hadi zikasomwa?

MKONGWE WA KATA

Mwalimu umeigusa roho ya uzi. Nilitaka niichelewishe, lakini acha niijibu sasa.

Kwanza, mwaka 1838 bunge lilipitisha sheria kwamba kila kamati ya shule ya mji iandike taarifa yake ya mwaka kuhusu hali ya shule zake, na taarifa hiyo isomwe hadharani kwenye mkutano mkuu wa mji. Nakala iende kwa katibu. Maana yake habari haikupanda juu kimyakimya. Ilisomwa kwanza mbele ya wazazi na walipa kodi, mwanakamati akiwa amesimama pale, majirani zake wanamtazama.

Pili, yeye akazichukua zile taarifa za miji yote, akazifupisha kwenye kitabu kimoja kila mwaka. Na ndani yake akaweka jedwali. Jedwali hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Aliipanga miji yote ya jimbo kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho kwa kiasi cha fedha ambacho kila mji umetenga kwa kila mtoto wa miaka 4 hadi 16.

Mmeona alichopanga? Sisi hapa kwa miaka mingi tulizoea matokeo yakitoka, zinatangazwa shule kumi bora na shule kumi za mwisho. Mtoto wa shule ya mwisho alijulikana nchi nzima kuwa ni wa mwisho. Mann alipanga watu wazima. Hakusema watoto wa mji fulani ni wajinga, alisema wazee wa mji fulani wametoa kiasi hiki, na jirani zao wenye mali ileile wametoa mara mbili yake. Mji uliojikuta mkiani ulikasirika, mwaka unaofuata mkutano wa mji ukaongeza fungu. Hakumwamuru mtu. Hakuwa na uwezo huo. Aliwaonyesha tu majirani.

KIJANA WA HALMASHAURI

Mzee wangu, hii nimeisoma mara tatu.

MSOMAJI WA MAKAMBAKO

Mimi pia. Mwanangu alikuwa kwenye moja ya hizo shule za mkiani. Alirudi nyumbani siku ile hakula. Shule haikuwa na mwalimu wa hisabati tangu kidato cha pili, na hilo hakuna jedwali lililolitaja.

MKONGWE WA KATA

Pole sana ndugu yangu. Mpe salamu kijana.

Naendelea. Kuwaambia watu waongeze fedha kunataka sababu, na Mann aliwapa kila kundi sababu yake. Ripoti ya tano, ya 1841, aliielekeza kwa wenye viwanda. Aliwapelekea maswali: mfanyakazi aliyesoma na asiyesoma, nani anakuingizia zaidi? Wakajibu wenyewe kwamba aliyesoma anazalisha zaidi na kulipwa zaidi. Akachapisha majibu yao. Tajiri akisoma anakuta maneno ya tajiri mwenzake.

Ripoti ya kumi, ya 1846, ndiyo ninayoipenda kupita zote. Humo anasema mali ya taifa si ya kizazi kilichopo peke yake. Kila kizazi kimepokea kutoka kwa waliotangulia na kinashika kwa niaba ya wanaokuja. Sisi kwa Kiswahili tuna neno lake kamili: amana. Kwa hoja yake, mtu mzima anayekataa kulipia elimu ya mtoto wa jirani amekula amana. Hamwambii kwamba amekosa ukarimu, anamwambia ameiba.

Na ya kumi na mbili, ya 1848, ndiyo maarufu, ile anayosema elimu kuliko chombo kingine chochote cha binadamu ndiyo inayosawazisha hali za watu.

MWALIMU WA VOI

Na walimu? Fedha ikiongezeka na mwalimu hajui kufundisha, bado.

MKONGWE WA KATA

Alilijua. Mwaka 1838 yule Dwight alitoa dola 10,000 kwa ajili ya kuandaa walimu, kwa sharti kwamba jimbo litoe kiasi kilekile. Jimbo likatoa. Tarehe 3 Julai 1839, huko Lexington, kikafunguliwa chuo cha kwanza cha ualimu cha serikali nchini Marekani, mkuu wake Cyrus Peirce. Siku ya kufungua walifika wasichana watatu.

Watatu. Mtu amezunguka jimbo zima, amebishana na bunge, amepata fedha, mlango unafunguliwa wanaingia watatu. Lakini Peirce alianza kufundisha asubuhi ileile. Vyuo vingine viwili vikafuata, Barre na Bridgewater. Kile cha Lexington kilihamahama, na leo ni Chuo Kikuu cha Jimbo cha Framingham.

Kabla mbegu haijashika mizizi, ikaja jembe la siasa. Uchaguzi wa ugavana wa 1839 Marcus Morton alishinda kwa kura moja, kweli moja, akamwangusha Edward Everett aliyekuwa ameiunda Bodi. Mwaka 1840 kamati ya bunge ikapendekeza Bodi ifutwe na vyuo vya ualimu vifungwe. Hoja zao zilikuwa mbili, na msizidharau. Ya kwanza, kwamba huu ni mtindo wa Prussia (ufalme wa Kijerumani wa enzi zile) na Ufaransa, serikali kuu kuwaamulia wazazi. Ya pili, kwamba kufundisha hakuhitaji chuo, aliyesoma vizuri anaweza kumsomesha mwingine. Hoja hiyo ya pili mimi nimeisikia kwa masikio yangu, kwenye kikao, mwaka 2000 na kitu. Pendekezo lilishindwa bungeni, Bodi ikapona.

BI CHAKI

"Kufundisha hakuhitaji chuo." Nyumbani kwetu kuna shemeji anasema hivyo kila Pasaka.

Mwalimu, umegusia Prussia. Na viboko je? Nimesoma mahali kwamba alipingana na walimu kwa ajili ya viboko.

MKONGWE WA KATA

Alipingana nao, na ugomvi ule ulimgharimu afya.

Tarehe 1 Mei 1843 alioa mara ya pili, Mary Peabody, mwanamke msomi na mwalimu. Wakaondoka kwenda Ulaya pamoja na rafiki yake Samuel Gridley Howe, daktari wa shule ya vipofu, ambaye naye ndiyo kwanza ameoa. Fungate yenyewe ikawa ni kuzuru shule, magereza na vituo vya watoto: Uingereza, Scotland, Prussia, Saxony na kwingine. Ripoti ya saba ni habari za safari ile. Aliandika kwamba katika wiki sita za kutembelea shule za kule hakuona mwalimu akifundisha huku ameshika kitabu mkononi, hakuona mtoto akipigwa, hakuona mtoto akilia kwa kuogopa adhabu. Mwalimu anazunguka katikati ya watoto, ana uso wa furaha, anaanza na kitu ambacho mtoto anakiona, ndipo anakwenda kwenye neno. Na kwa waliomwambia Prussia ni nchi ya mfalme asiyehojiwa, alijibu kwamba kama njia nzuri ya kufundisha inaweza kutumika kuwatiisha watu, inaweza pia kutumika kuwaweka huru.

Walimu wakuu 31 wa Boston wakajiona wamesemwa wao. Mwaka 1844 wakatoa kitabu cha kurasa zaidi ya 140 kumjibu: kwamba nidhamu msingi wake ni mamlaka, kwamba fimbo haiwezi kuondolewa, kwamba kujifunza kwa kufurahia ni kumdekeza mtoto. Mann akajibu kwa kitabu kirefu zaidi. Wakajibu. Akajibu tena, 1845. Mimi naona hapo alikosea kiasi. Alikuwa na kalamu kali, alimwaga wino kwa hasira, na wale 31 walikuwa walimu ambao angeweza kuwapata baadhi yao kwa mazungumzo.

Lakini matokeo yake ni ya kihistoria. Howe na wenzake waliingia kamati ya shule ya Boston, na 1845, badala ya ule mtihani wa zamani ambapo wageni wanakaa mbele na mtoto anakariri kwa sauti, wakapeleka karatasi zilizochapwa, maswali yaleyale kwa shule zote, mtoto aandike jibu mwenyewe. Wakachukua wanafunzi wa madarasa ya juu, walio bora. Matokeo yalikuwa mabaya. Watoto walikuwa wamekariri kurasa bila kuelewa kilichomo. Mtihani wa maandishi mnaoujua ulianza kutumika Marekani kwa kiwango kile hapo, na ulielekezwa kwa shule na walimu wake, kuonyesha wanafundisha nini.

MWALIMU WA VOI

Hapa Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001. Nilikuwa kijana kazini. Walimu wenzangu walisema maneno yale ya wale 31 karibu neno kwa neno: watoto watatupanda vichwani. Wengine waliendelea kwa siri. Sheria peke yake haikutosha, tulihitaji mtu wa kutuonyesha jinsi ya kushika darasa la watoto 70 bila fimbo, na hakuja mtu.

BI CHAKI

Ahsante kwa kusema hivyo, kaka. Huku Tanzania bado inaruhusiwa kwa masharti, isizidi viboko vinne na iwe kwa idhini ya mkuu wa shule. Mimi sipigi tangu 2016. Nilimpiga mtoto aliyekuwa anasinzia, baadaye nikajua wanalala njaa kwao. Sikurudia.

SAUTI YA TATU

Samahani wakuu, nimesoma kimya tangu jana. Nimesomea historia, nisingependa tumtoe Mann kama malaika. Tuseme na haya.

Moja, walimu wanawake. Chini yake wanawake waliongezeka sana madarasani, na alisema wana kipaji cha kulea. Lakini miji iliwachukua kwa sababu walilipwa chini ya nusu ya mwanamume mara nyingi, naye alilijua hilo na kulitumia kama hoja ya kubana matumizi.

Mbili, dini. Alisema shule za umma zisiwe za dhehebu lolote, Biblia isomwe bila kufafanuliwa. Kwa wahubiri wakali hilo lilikuwa ukafiri, walimshambulia magazetini. Kwa Wakatoliki kutoka Ireland, waliokuja kwa maelfu wakikimbia njaa, Biblia ile ilikuwa ya Waprotestanti, kwa hiyo "isiyo ya dhehebu" haikuwa kweli kwao.

Tatu, na hili ndilo zito. Boston ilikuwa inawatenga watoto weusi kwenye shule zao. Wazazi weusi walilalamika miaka yote ya 1840. Wendell Phillips, mpinga utumwa, alimsema Mann waziwazi kwa kukaa kimya. Kesi ya Roberts, baba mweusi aliyetaka bintiye apokelewe shule ya wazungu, ikafika mahakamani, Charles Sumner na Robert Morris wakaitetea, wakashindwa 1850. Bunge la jimbo lilipiga marufuku ubaguzi ule 1855. Mann, aliyeandika ripoti juu ya urefu wa benchi, juu ya hili hakuandika.

MKONGWE WA KATA

Ahsante sana, na nakubali yote matatu. La tatu limeniumiza tangu nilipolisoma.

Ninachojua ni kwamba aliogopa kuipoteza Bodi. Alihesabu kwamba akiongeza vita hii, wale waliokosa kuifuta 1840 watapata kura walizozikosa. Nyumbani kwake alifanya tofauti: binti mweusi alipopokelewa chuo cha ualimu West Newton na kukosa mtu wa kumpangisha chumba, akina Mann walimchukua akaishi kwao. Nalitaja kwa kuwa ni kweli, silileti kama malipo ya ule ukimya. Katibu alikuwa na jukwaa kubwa na wazazi wale walilihitaji. Nimekaa kwenye vikao na mimi nikanyamaza ili bajeti ipite. Watoto ambao sikuwasemea nawakumbuka kwa sura.

Alipotoka kwenye ukatibu ndipo ulimi ulipofunguka. John Quincy Adams alifariki Februari 1848 akiwa mbunge wa Marekani, na Mann akachaguliwa kukalia kiti chake. Mwaka huohuo alisimama mahakamani Washington kumtetea nahodha Drayton, aliyejaribu kuwatorosha watumwa zaidi ya 70 kwa jahazi la Pearl. Mwaka 1850 akagombana na Daniel Webster, mwanasiasa mkubwa kupita wote wa jimbo lake, kwa sababu Webster aliunga mkono sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka. 1852 akagombea ugavana kwa chama cha wapinga kuenea kwa utumwa, akashindwa. Kisha akahamia Ohio, mji wa Yellow Springs, kuwa mkuu wa Chuo cha Antioch kilichofunguliwa 1853, kikipokea wanaume na wanawake pamoja, na weusi pia. Mpwa wake Rebecca Pennell alifundisha pale akilipwa sawa na wanaume. Kwa hiyo lile la kwanza la ndugu yetu, alilisahihisha uzeeni.

Chuo kilizama kwenye madeni, kikauzwa kwa mnada 1859. Mann alihutubia mahafali ya mwaka huo akiwa amechoka kabisa, akawaambia vijana waone aibu kufa kabla hawajaishindia binadamu ushindi wowote. Wiki chache baadaye, tarehe 2 Agosti, akafariki.

MSOMAJI WA MAKAMBAKO

Na matunda ya ile miaka 12? Kwa tarakimu kama unazo.

MKONGWE WA KATA

Fedha za shule za umma ziliongezeka takribani mara mbili. Sheria ya 1839 iliweka kwamba shule za mji zifunguliwe angalau miezi sita kwa mwaka, na wastani wa muda wa masomo ukaongezeka mwezi mzima. Shule za sekondari za umma zipatazo 50 zilianzishwa. Mishahara ya walimu, wa kiume na wa kike, ilipanda kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1852, yeye ameshaondoka, Massachusetts ikawa jimbo la kwanza Marekani kupitisha sheria ya kumlazimisha mtoto kuhudhuria shule.

Na kuna habari iliyovuka bahari. Mwaka 1847 Sarmiento wa Argentina alimtembelea nyumbani West Newton, wakazungumza siku mbili, Mary akitafsiri. Sarmiento alikuja kuwa rais wa nchi yake 1868, akaleta walimu wanawake kutoka Marekani kuanzisha vyuo vya ualimu huko.

KIJANA WA HALMASHAURI

Mzee wangu, nina wiki ya tatu kwenye kata. Shule saba, vijiji vitano. Nataka kujaribu lile jedwali. Ila michango imewekewa taratibu, sitaki kuonekana nawachangisha watu kwa mlango wa nyuma.

MKONGWE WA KATA

Uko sahihi, michango usiiguse. Chukua chakula cha shuleni. Wazazi hukubaliana wenyewe kwenye mkutano, kwa hiyo tayari ni ahadi yao. Weka shule saba kwenye karatasi moja: siku za masomo za mwezi, na siku ambazo watoto walikula uji. Hizo safu mbili tu. Usiweke wastani wa ufaulu, usiweke jina la mtoto wala mwalimu.

KIJANA WA HALMASHAURI

Niipeleke wilayani?

MKONGWE WA KATA

Ipeleke, lakini kwanza omba nafasi kwa mtendaji na mwenyekiti, isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, vijiji vyote vitano, karatasi ileile. Na kabla ya kuisoma, kaa na kila mwalimu mkuu muihakiki daftari la stoo pamoja. Ukikosea siku moja kwenye kijiji kimoja watakukatalia karatasi nzima.

BI CHAKI

Kijana, kama kata yako ni jirani na yetu, njoo PM. Daftari letu la stoo ninalo mimi, na lina kila siku tangu Januari.

KIJANA WA HALMASHAURI

Naja sasa hivi, dada.